Kabla Uzamishe Doo Kwa Ploti ya Busia, Rudi Huko Mwezi wa Nne

Wacha nikuulize kitu, msee. Ile ploti broka alikupeleka kuona huko Namboboto, ama nje kidogo ya taun ya Busia, ulienda lini? Acha nikisie. Krismasi imeisha, chama kiligawa pesa Desemba, na jua linawaka si mchezo. Nyasi fupi, udongo umekauka, bikoni nne zimesimama vizuri, broka anakuonyesha kwa kidole vile stima itapita. Kila kitu fiti. Sasa elewa kwa nini anapenda kukupeleka Januari.

Mimi nasema hivi: rudi Aprili ama Mei, asubuhi baada ya mvua ya usiku mzima, ukiwa na gamboti. Hapo ndio muanze kuongea bei.

Shida yetu tukinunua ardhi ni kwamba tunaogopa kitu moja tu, taito feki. Hiyo hofu ni halali, watu wameingizwa box vibaya. Kwa hivyo unafanya sachi, unapata jina la muuzaji ndilo lenyewe, hakuna loni, hakuna kesi, bodi ya ardhi imetoa kibali, unalipa. Lakini sachi inakuambia ardhi ni ya nani. Haikuambii maji hupita wapi, wala nini kilimwagwa hapo miaka kumi iliyopita. Karatasi inaweza kuwa safi kabisa na ploti iko ndani ya mto.

Unadhani naongeza chumvi? Agosti 2018, Nairobi, matinga yaliangusha Southend Mall kule Lang'ata na Ukay Centre kule Westlands. Hizo si vibanda vya mabati. Wenyewe walikuwa na doo na mawakili, na serikali bado ikasema mmejenga kwa ardhi ya mto. Kama wao walivunjiwa, wewe na keja yako ya vyumba viwili utamlilia nani?

Sheria yenyewe ni rahisi. Kanuni zinatenga mita 6 hadi 30 kila upande wa mto. Lakini skia hapa, kwa sababu mabroka huruka hii sehemu: kipimo hakianzi pale maji yako siku ulienda kuona. Kinaanzia pale maji yamewahi kufika juu zaidi wakati wa mafuriko. Kale kamto ulikaruka Januari bila kulowesha viatu kanaweza kuwa kimemeza nusu ya ploti yako kisheria, hata kabla mvua inyeshe.

Sasa tuongee Busia yenyewe, maana kaunti hii ina maji ya aina tofauti. Bunyala wako na mto Nzoia, unaotoka huko juu upande wa Cherang'any na Elgon na kumwaga ziwani. Matuta ya kuzuia huo mto yamepasuka zaidi ya mara moja. Na noma ya Bunyala ni kwamba mvua si lazima inyeshe kwako. Inanyesha mbali huko juu, wewe umeanika mahindi, halafu maji yanafika. Afadhali mto, kuna watu huusikiliza kila mwaka. Mwaka wa 2020 ni ziwa lenyewe liliamka. Victoria ilipanda hadi kufikia ile rekodi ya miaka ya 1960, na familia za huko chini zikahama na magodoro kichwani. Mtu alikuwa na ardhi ya babu, kila jirani anajua ni yake, lakini mahali pa kulala hana.

Namboboto si Bunyala, sawa, iko Samia na kuna vilima. Lakini usilale. Mto Sio uko upande huo, na mabwawa ya Sio-Siteko yamegawanywa na mpaka wetu na Uganda. Watu wamelima ndani ya hayo mabwawa, wengine wamekata ploti. Ukiona mafunjo yameota karibu, ama udongo mweusi umepasuka nyufa za kuingiza mkono, simama. Chungulia kuta za majirani uone kama kuna mstari wa tope umebaki. Angalia vizingiti vya milango, kama kila nyumba imeinuliwa juu kuna sababu, si staili. Omba uchimbe shimo la mita moja na uliache usiku. Likiamka na maji, jua choo chako kitajaa kabla ukitumie, na kisima chako kitakunywa kutoka humo humo.

Halafu kuna ile hatari haionekani na macho, na hapa ndio Busia na Malaba wanafaa kuwa macho zaidi. Malori yanalala hapa usiku na mchana. Kuna gereji za kumwaga oili chini, kuna petroli inauzwa kwa mitungi, na mashimo ya matofali yaliyojazwa takataka na kufunikwa mchanga juu. Bei ikiwa ya chini kushinda za majirani, uliza hapo palikuwa nini.

Pale Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Risasi ikaingia kwa udongo na kwa damu ya watoto. Korti iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, rufaa ikafuata, na ni Desemba 2024 ndio Korti ya Juu ilirudisha ule uamuzi. Walishinda, lakini hesabu hiyo miaka mtoto akikua na risasi mwilini.

Na usiniambie NEMA wangezuia. Februari 2024, baada ya gesi kulipuka Embakasi katikati ya makazi, NEMA wenyewe walikubali leseni ya hapo ilitolewa visivyo, wakasimamisha maafisa wanne. Leseni ya jirani yako ni karatasi pia.

Kama wewe ndio unauza, usijifanye mjanja. Mnunuzi akiuliza kama maji hufika, sema. Na kama ni wewe unanunua, hilo swali liulize kwa maandishi, jibu liingie kwa mkataba kabla ya sahihi. Akidanganya, wakili wako ana pa kuanzia. Akikataa kuandika, hilo ni jibu pia.

Mwisho, achana na broka kidogo. Tembea hadi stejini na umuulize mtu wa boda: mvua ikinyesha, wewe hugeuzia pikipiki wapi? Akikuonyesha mahali kabla ya kufika kwa ploti yako, mnunulie chai na umuulize imekuwa hivyo tangu mwaka gani.