Mwendo wa wawili

Wiki hii tulikusudia kuendelea na mada ya matumizi ya nyumbani. Tunawaomba radhi wasomaji wetu, tutairejea, inshaallah. Jumamosi iliyopita sisi tunaoandika safu hii, mume na mke, tulitoka Kitendaguro kwa miguu kwenda kutembea juu ya majabali yanayoutazama mji wa Bukoba na ziwa lake, na yaliyotukuta huko yanamhusu kila aliyemo katika ndoa.

Si jambo la kawaida kwetu. Mtu wa huku hupanda mlima kwa sababu: kuni, mbuzi, au msiba wa upande wa pili. Jirani alipotuona saa moja asubuhi na kikapu na chupa za maji, alituuliza ni nani aliyefariki. Tulipomjibu kwamba tunatembea tu, alicheka akarejea kwenye migomba yake.

Masika ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mvua ya usiku ilikuwa imeyaacha mawe yakiteleza, na nyasi changa zimechomoza katika kila ufa. Njia yenyewe haikuchongwa na mtu. Ni nyayo za watu na mbuzi zilizoifanya. Kila tulipopita chini ya jabali lililoning'inia tulilitazama kwa shaka, maana hakuna wa Bukoba aliyesahau tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idd el-Adh'ha, lililopasua nyumba na kuua watu.

Mume alitangulia, kama ilivyo desturi yake. Kwa haki yake tuseme kwamba alikuwa akisimama kumngoja mke. Lakini mke alipomfikia tu, yeye, ambaye alikwisha pumzika, aliondoka tena. Hivyo aliyekuwa na nguvu alipata mapumziko matano, na aliyechoka hakupata hata moja. Tumeishi katika ndoa miaka kumi na tisa bila ya kuifanya hesabu hiyo.

Kwenye jiwe moja la mteremko mke aliteleza akaketi kwa kishindo. Hakuumia pale, goti lilikuwa likimuuma tangu miezi mingi.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza mume.

"Ningekuambia lini, baba watoto? Ukirudi umechoka, ukiondoka una haraka. Na ada za shule zilikuwa hazijalipwa."

Kilele kilikuwa karibu, tukikiona. Mke alimwambia mwenzake apande peke yake, yeye atamngoja. Mume aliinuka, akakitazama, kisha akaketi tena. Tulikula ndizi zetu hapo hapo, kisiwa cha Musira kikiwa mbele yetu majini. Tulikumbushana habari ya Mtume (S.A.W.) kushindana mbio na Bi Aisha (R.A.), ambayo Abu Daud ameipokea: mara ya kwanza Bi Aisha alishinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, alishindwa. Waume wengi huikumbuka ile mara ya pili tu.

Adhuhuri ilipoingia tulitawadha kwa maji ya chupa tukaswali rakaa nne kamili, kwani safari fupi kama hii haimruhusu mtu kupunguza. Mke aliswali ameketi juu ya jiwe. Alifanya hivyo kwa wepesi wa mtu aliyekwisha zoea, na hapo mume akatambua kwamba haikuwa mara ya kwanza. Msikitini wanaume huswali kwao na wanawake kwao. Na nyumbani, tukiri, kila mmoja wetu alikuwa akiswali kwa wakati wake.

Kushuka, mke ndiye aliyetangulia, naye ndiye aliyechagua pa kusimama na muda wa kukaa. Tulichukua karibu mara mbili ya saa za kupanda, mvua ikatukuta tukiwa bado juu, na tukafika nyumbani tumelowa mpaka kikapu. Jirani hakutuuliza kitu.

Jumatatu tulikwenda hospitali pamoja. Daktari ameagiza goti lipigwe picha, na majibu ni Alhamisi.