Nchi Hujulikana kwa Miguu



Juma hili kijana mmoja wa hapa Kamuli, aliyemaliza kidato cha nne, aliniuliza kama ni kweli kwamba Wagogo hawali ndizi. Nilipomjibu kwamba wengi wao hula ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, alicheka akasema: "Maskini! Kumbe hawana chakula." Nilitaka kumkemea, lakini nikakumbuka kwamba nilipokuwa na umri wake nami nilisema maneno yayo hayo.

Kilichonifundisha adabu ni safari. Nikiwa mwanafunzi nilipanda meli Bukoba jioni, nikashuka Mwanza asubuhi, kisha nikapanda treni kupitia Shinyanga na Tabora. Ndizi nilizofungiwa na mama zilikwisha njiani. Bibi mmoja aliyepandia Manyoni aliniona nimejikunyata, akanikatia ugali wake wa uwele, akanimiminia maji kabla ya kunywa yeye. Alikuwa anatoka katika nchi ambayo maji hutafutwa kwa taabu. Toka siku ile sijaweza kuwacheka Wagogo.

Baadaye, katika miaka ya 1990, barabara zetu zilikuwa mbovu na misitu ya Biharamulo ilikuwa na majambazi, hata mabasi yakasindikizwa na polisi. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, wengi waliliogopa ziwa. Wapo waliosafiri kwenda Dar es Salaam kwa kupitia Mutukula, Kampala na Nairobi. Fikirini: raia anatoka nje ya nchi yake ili aufikie mji mkuu wake wa biashara! Leo lami imetandazwa, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, limechukua nafasi ya kivuko. Njia zimefunguka. Je, sisi wenyewe tumefunguka?

Zamani mtoto wa Karagwe aliweza kupangiwa shule Songea au Tanga, na wa Mtwara akaletwa kwetu. Siku hizi wengi husoma katika shule ya kata, hatua chache kutoka nyumbani. Sizilaumu shule hizo; zimewafungulia mlango watoto wa maskini ambao zamani wangeishia darasa la saba. Lakini tulipopata shule karibu, tulipoteza safari, na hatukutafuta kitu cha kuziba pengo lake.

Gharama ya kutojuana sisi wa mpakani tunaifahamu. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga iliyowalenga wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, waliondoka hata watu waliokuwa wameishi nchini kwa miongo mingi. Nyakati kama hizo, jina na lafudhi huwa ushahidi. Mimi mwenyewe niliwahi kushushwa basini, mbali na nyumbani, nikatakiwa kuthibitisha Utanzania wangu kwa sababu ya matamshi yangu tu. Siamini kwamba aliyenihoji alikuwa mtu mwovu. Alikuwa hajawahi kufika kwetu. Na kijana wangu anayecheka ugali wa uwele anaugua ugonjwa uo huo. Tofauti ni kwamba yeye hajapewa mamlaka ya kumshusha mtu basini.

Wazazi wenzangu, mkiuza kahawa, tengeni sehemu ndogo kwa ajili ya nauli. Mpelekeni mtoto akakae likizo moja kwa rafiki yenu wa Singida au Lindi, nanyi mpokeeni wa kwao. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami naongeza kwamba mwenyeji naye atoke, apone zaidi.

Kijana yule nimemwahidi nusu ya nauli ya Dodoma. Akirudi, nitamwomba atueleze mbele ya wenzake kama kweli kule hakuna chakula.