Damu Haisemi, Tuusikilize Ulimi

Mwalimu amwadhibuye mwanafunzi kwa kuandika upya ukurasa mmoja hadi karatasi ikatoboka, yamkini anauadhibu ugonjwa. Yapo maradhi ambayo fikra isiyotakikana humvamia mtu, naye akajiona hana budi kurudia tendo fulani ili atulie: kunawa mikono, kuhesabu, kuhakikisha kwamba mlango umefungwa. Takriban watu wawili katika kila mia huyaugua wakati fulani maishani, na aghalabu huanza utotoni au ujanani, yaani wakiwa darasani.

Kwa malaria, tone la damu hutosha kumfichua mdudu chini ya hadubini. Je, damu yaweza kuufichua ugonjwa huu pia? Watafiti wamelichunguza swali hilo kwa miongo kadhaa. Dawa ya klomipramini, iliyoidhinishwa nchini Marekani kwa maradhi haya mwaka 1989, huzizuia seli za neva kuifyonza tena kemikali iitwayo serotonini. Chembe zinazosaidia damu kuganda nazo huifyonza kemikali hiyo kwa njia iyo hiyo. Basi wakaipima damu, wakitaraji kuona mkononi yaliyojificha ubongoni. Matokeo yakapingana. Si ajabu, kwani sehemu kubwa ya serotonini mwilini hutengenezwa katika matumbo, wala iliyomo damuni haipenyi kuingia ubongoni. Hadi leo hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha ugonjwa huu, wala kinachomtajia daktari dawa itakayomfaa mgonjwa.

Hata hivyo, tiba ipo. Klomipramini, fluoksetini na dawa nyingine za aina hiyo huwapa nafuu takriban nusu ya wanaozitumia, ila huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa. Azitupaye katika wiki ya tatu hajazijaribu. Aidha, ipo tiba ya kumzoesha mgonjwa kuikabili hofu yake bila ya kulirudia tendo, ambayo Victor Meyer wa London aliieleza mwaka 1966.

Kwa kuwa damu imenyamaza, kipimo kilichosalia ni maneno ya mgonjwa mwenyewe. Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno "wasiwasi" tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao "waswas" ni mnong'ono wa nafsini, na hadi sasa madaktari wao huutaja ugonjwa huu kwa neno hilo. Hata Pwani yetu, arudiaye udhu asiridhike husemwa kuwa ana wasiwasi. Lakini tumelipanua neno hilo hata likawa hofu yoyote ile, ya mtihani au ya mvua. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, nina wasiwasi," hujibiwa, "Wacha wasiwasi!" Jibu hilo humfungia mlango yule aliyekuwa amejikaza kusema.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Lakini atasemaje asiyeulizwa? Walimu na waulize zaidi: Ni fikra gani inayokujia? Ukijaribu kuacha, huwaje? Hukupotezea muda gani kwa siku? Ikiwa jibu ni saa moja au zaidi, mwanafunzi huyo apelekwe kwa daktari, wala asipewe adhabu. Swali la mwalimu ndilo litakalomfikisha huko, maana damu yake haitamsemea.