Magofu na Mizabibu: Jina Letu Tusiliache Njiani

Wahenga walinena kuwa mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Kaka yangu, mwana wa baba mkubwa, ni mwanariadha. Novemba ya mwaka juzi alikwenda Ugiriki kukimbia marathoni ya Athens, ile ya kilomita 42 inayoanzia mji wenyewe wa Marathon. Hakushinda. Kusema kweli hata hakukaribia, na kijijini wengine walimcheka, ati mtu amevuka bahari kurudi na fulana! Lakini siku iliyofuata, kabla ya kupanda ndege, alipanda basi la watalii akatembezwa kutwa nzima. Alichookota siku hiyo ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Msomaji mpenzi, keti nikusimulie kwanza, kisha nitatoa maoni yangu.

Basi liliondoka Athens alfajiri, likafika kwenye mfereji wa Korintho. Mfereji huo ulikatwa katika mwamba ukafunguliwa mwaka 1893, na una urefu wa zaidi ya kilomita 6. Ukisimama darajani ukatazama chini, meli huonekana kama kiberiti. Korintho ni ileile ambayo Mtume Paulo aliwaandikia watu wake nyaraka.

Kutoka hapo walikwenda Mycenae. Huo ni mji wa kale sana, na kuta zake ni za mawe makubwa yaliyopangwa bila saruji. Langoni wamechongwa simba wawili ambao vichwa vyao vimepotea, nao wamelilinda lango hilo kwa zaidi ya miaka 3,200. Mwaka 1876 Mjerumani mmoja, Heinrich Schliemann, alifukua makaburi ya hapo akatoa dhahabu tele, pamoja na kinyago cha dhahabu kinachojulikana dunia nzima. Kinyago hicho leo kimo katika makumbusho ya taifa, Athens. Kaka alisema kwamba pale Mycenae yeye aliona ukuta, upepo, na watalii wenzake.

Mchana wakafika Nemea. Hapo ndipo hadithi ilipo.

Nemea ni bonde la mizabibu. Zabibu zilikuwa zimekwisha kuvunwa, na majani yalikuwa yamegeuka rangi kama moto unaofifia. Katikati ya mashamba hayo pamesimama nguzo za hekalu la Zeu, mungu wa Wagiriki wa kale, lililojengwa miaka ipatayo 330 kabla ya Kristo. Kwa karne nyingi ni nguzo tatu tu zilizobaki wima. Zilizobaki zilikuwa zimelala chini vipande vipande. Wataalamu wakaokota mawe yaleyale, wakayapanga upya, na sasa nguzo zilizosimama ni tisa.

Karibu na hapo kuna uwanja wa michezo wa kale. Wanariadha waliingia humo kwa kupitia njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa mita 36 hivi, na ukutani majina waliyokwaruza wakingoja zamu yao yanasomeka hadi leo. Hebu fikiri! Kijana aliogopa mashindano miaka 2,300 iliyopita, akachukua kitu chenye ncha akaandika jina lake. Mstari wa mawe wa kuanzia mbio nao upo, una vijia vya kushikilia vidole vya miguu. Kaka alivua viatu akaweka vidole vyake humo. Akakimbia, bila saa wala medali.

Wenyeji wa Nemea hawakuuacha uwanja huo ulale. Wakishirikiana na Profesa Stephen Miller wa Marekani, aliyefukua mahali hapo kwa miaka mingi, mwaka 1996 waliifufua michezo ya kale. Mtu yeyote, mzee kwa kijana, huruhusiwa kukimbia miguu mitupu. Mshindi hupata taji la majani. Ni mataji ya namna hiyo ambayo Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba hunyauka.

Mwisho basi lilisimama kwenye shamba ambamo mvinyo hutengenezwa. Najua wengine mmeanza kucheka, na huenda mlezi wa chama amekunja uso. Tulieni. Sikuja kusifu ulevi. Nyumbani kwetu baba ni mzee wa kanisa na hagusi kileo. Kaka alipomletea chupa moja kama zawadi, baba aliiweka juu ya kabati na haijafunguliwa hadi leo. Alichofanya ni kuvaa miwani yake na kusoma karatasi iliyobandikwa chupani. Juu yake limeandikwa jina la bonde, Nemea. Likaandikwa na jina la mwenye shamba, na mwaka wa mavuno.

Baba akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na kahawa yetu, huandikwa jina la nani?"

Hakuna aliyemjibu.

Sisi ni wakulima wa kahawa. Tangu utotoni nimechuma buni, nikazibeba begani hadi kiwandani, nikapanga foleni ya mizani. Karani huandika kilo kitabuni na hapo ndipo mwisho wetu. Kahawa ya Kenya inasifiwa ng'ambo, lakini sehemu kubwa huuzwa mbichi, kwa magunia, ikakaangwe huko na kutiwa paketi zisizomtaja mkulima wala kilima chake. Malipo yakija yamechelewa na ni haba. Msimu uliopita baba alikuwa ameanza kunoa jembe ili ang'oe mibuni apande miti ya mbao. Safu mbili zilikuwa tayari zimekwenda.

Haya sasa, maoni yangu ni haya: mavuno yakiondoka bila jina la mahali, mali huondoka nayo. Watu wa Nemea walilijua hilo. Tangu mwaka 1971 sheria ya nchi yao inalinda jina hilo. Mvinyo mwekundu hauwezi kuitwa Nemea mpaka uwe umetokana na zabibu za aina moja, iitwayo Agiorgitiko, zilizokuzwa katika eneo hilo. Tena wameunganisha shamba na hadithi. Wagiriki husimulia kwamba shujaa Herakle alimuua simba wa ajabu huko Nemea, na mvinyo wa hapo ukapewa jina la damu ya Herakle. Mgeni anayekuja kuona nguzo huondoka na chupa, na aliyeionja chupa kwao hutamani kuziona nguzo. Mawe yanamsaidia mkulima, naye mkulima ana sababu ya kuyatunza mawe.

Mgala muue na haki umpe. Sidai kwamba Ugiriki ni peponi. Si kila mkulima wa Nemea ana chupa yenye jina lake. Wengi huuza zabibu kwa kilo kama sisi tunavyouza buni. Wengine watasema kuwa karatasi kwenye chupa haimalizi shida ya bei. Ni kweli. Lakini jina la bonde ni la wote, hata la yule mwenye safu kumi tu, na asiye na jina sokoni hana hata pa kuanzia kubishana.

Basi nageukia shule yetu. Kila mwaka tukipanga ziara ya chama, kelele ni moja: twende mjini! Tunakwenda, tunatazama maghorofa, tunakula chipsi, tunarudi usiku tumechoka kama punda wa kukodi. Kidato cha pili tulisoma habari za mji wa Athens tukazikariri, ilhali wengi wetu hatujafika Thimlich Ohinga, hapo tu Kaunti ya Migori. Huko pia kuna kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zenye miaka ipatayo 500, na mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni basi lilelile, ni siku moja ileile.

Napendekeza hivi: mwaka huu twende Thimlich Ohinga asubuhi, na tukirudi tusimame kwenye kiwanda cha kahawa. Tumuulize meneja buni zetu huenda wapi na kwa jina gani. Tuandike majibu yake katika jarida hili hili. Huenda yakatuchoma, lakini afadhali kuchomwa na jibu kuliko kulala na swali.

Baba ameliegemeza jembe ukutani. Amesema atangoja msimu mmoja zaidi. Mmoja tu. Chupa ingali juu ya kabati, na kila jioni nikifungua vitabu kufanya kazi ya ziada naliona lile jina likinitazama. Nami nauliza, wenzangu, letu litaandikwa lini?

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu