JIKO LA FAMILIA: Kobla ya cheri huko Michigan, na ya maembe hapa kwetu

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kukausha lenga-lenga kivulini, na wengi mmenisimamisha njiani mkaniambia mmejaribu na imefaulu. Aksanti sana. Mwezi huu naomba tuongee habari ya kitu kitamu. Ni chakula cha zamani cha watu wa mbali, lakini mkisoma mpaka mwisho mtaona kumbe hakiko mbali sana na mbabula zetu.

Habari yenyewe ilianza kwa bibi mmoja jirani yangu. Ameniruhusu kuisimulia, ila jina lake tuliache. Binti yake alihamishwa kwenda Marekani pamoja na watoto wake, na sasa wanakaa Grand Rapids, jimbo la Michigan, mji ambao Wakongo wengi wamepelekwa. Bibi naye alikuwa kwenye orodha ya kuwafuata. Alishafanya mahojiano, alishapimwa afya. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, na safari yake ikaishia hapo. Vyombo alivyokuwa amegawia majirani, ikabidi majirani wenyewe wamrudishie.

Basi jioni moja akaja kwangu na simu. "Mwalimu, shika uangalie. Mtoto wangu anakula nini huku?" Nikaangalia picha: bakuli la kitu chekundu kabisa, juu yake mabonge ya mkate. Mimi nilidhani ni nyanya. Chini ya picha kulikuwa na sauti ya mjukuu wake, msichana wa miaka 9, aliyetoka hapa akiwa na miaka 4. Alisema hivi: "Bibi, wewe najua kupika cheri?"

Bibi akaniambia, "Unasikia? 'Wewe najua.' Kiswahili kinamtoka. Na mimi hiyo cheri siijui. Sasa tutaongea nini?"

Hilo swali lilinikaa. Nikamwomba binti yake atutumie maelezo, nikauliza, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

CHERI NI NINI?

Cheri ni tunda dogo la mviringo, lina kokwa moja katikati kama zambarau. Kuna cheri tamu za kula hivi hivi, na kuna cheri kali (chachu) za kupikia. Ile ya kupikia inayolimwa zaidi Michigan inaitwa Montmorency, jina lililotoka Ufaransa. Michigan inatoa cheri kali nyingi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani, hasa upande wa kaskazini, karibu na mji wa Traverse City, kando ya ziwa kubwa. Kila mwaka mwezi wa 7 mji huo unafanya sikukuu ya cheri. Mwanzo wake unasimuliwa kwamba mwaka 1852 mmisionari mmoja, Peter Dougherty, alipanda miti ya cheri kwenye rasi ya huko, na watu wakashangaa kuona inazaa vizuri.

Wengine mtauliza, je, tukipata mbegu tupande hapa? Hapana, msisumbuke. Mti wa cheri lazima ulale kwanza kwenye baridi kali, karibu saa 1,000 za baridi kwa msimu mmoja, ndipo utoe maua vizuri. Hapa kwetu hiyo baridi hakuna. Na hata huko kwao mti huo ni wa wasiwasi. Mwaka 2012 joto lilikuja mapema mwezi wa 3, maua yakafunguka, halafu baridi ikarudi mwezi wa 4 ikayaua. Mwaka ule Michigan ilipoteza karibu cheri zake kali zote. Kwa hiyo mkulima wa Marekani naye anaangalia mbingu kama baba zetu walivyoangalia kule Fizi na Uvira.

KOBLA NI NINI?

Chakula kile cha kwenye picha kinaitwa kobla. Ni matunda yaliyowekwa sukari chini, na juu yake unga uliolainishwa na maziwa na siagi, unaangushwa kwa kijiko bonge bonge. Kinaokwa mpaka juu kuwe kahawia na matunda yachemke pembeni.

Kuna jambo hapa lililomfurahisha bibi. Kobla ni chakula cha watu waliokuwa hawana oveni. Katika miaka ya 1840 na 1850 familia nyingi za Marekani zilihamia magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, miezi mingi njiani. Walipika kwenye chungu kizito cha chuma chenye miguu 3 na kifuniko chenye ukingo. Makaa ya moto waliweka chini, na mengine wakayapanga juu ya kifuniko. Mnasikia hapo? Makaa juu na makaa chini! Si ndivyo mama zetu wanavyooka keki ya harusi hapa? Bibi akapiga makofi, akasema, "Kumbe na wao walipika kwa kuhamahama."

Jambo la pili. Ili juisi ya cheri isiwe majimaji, wazee wa kule wanaweka tapioka. Nikamuuliza binti yake, tapioka ni nini? Akanitumia picha ya paketi. Jamani, ni wanga wa muhogo! Muhogo huu huu. Yaani ndani ya chakula cha kizamani cha Wamarekani mmelala muhogo wetu, ila wao wanaununua dukani umeshakuwa punje nyeupe.

NAMNA BINTI ANAVYOPIKA HUKO

Hii naiandika kwa ajili ya wenye ndugu huko, muwatumie kama wanataka:

Cheri kali vikombe 4, zitolewe kokwa. Wakati wa baridi hakuna cheri mbichi, wanatumia za kugandishwa au za kopo. Sukari robo tatu ya kikombe. Tapioka vijiko 3 vya chakula. Changanya, acha dakika 15 ili tapioka ilainike, halafu mimina kwenye bakuli la kuokea.

Kwa juu: unga wa ngano kikombe 1, sukari robo kikombe, beking pauda kijiko 1 na nusu cha chai, chumvi kidogo. Siagi vijiko 4 vya chakula, isuguliwe kwenye unga kwa vidole mpaka uwe kama mchanga. Ongeza maziwa nusu kikombe, koroga kidogo tu. Ukikoroga sana unakuwa mgumu. Angusha kwa kijiko juu ya matunda. Oveni iwe nyuzi 200 za Selsiasi, dakika 25 mpaka 30.

Kutoa kokwa, bibi za kule walitumia pini ya nywele: unachoma pale kikonyo kilipotoka, unavuta. Na kokwa zisisagwe wala zisitafunwe. Ndani yake mna kitu ambacho kikivunjwa kinatoa sumu ya sianidi, ndugu yake ile iliyomo ndani ya muhogo mchungu. Mtoto akimeza kokwa moja nzima kwa bahati mbaya, kwa kawaida inapita tu. Hatari ni kuzivunja na kuzila. Sisi tunaojua kwa nini muhogo mchungu unalowekwa kwanza, hilo hatuna haja ya kufundishwa mara mbili.

NAMNA TULIVYOPIKA HAPA

Bibi akasema, "Cheri hatuna. Lakini maembe yameanza. Tupike siku moja na yeye, kila mtu kwake." Tukapanga Jumapili. Kwao ilikuwa saa 3 asubuhi, theluji nje. Kwetu saa 11 jioni, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mkaa umepata unyevu. Hivi ndivyo tulivyofanya, inatosha watu 6 mpaka 8:

1. Maembe makubwa 3 yaliyoanza kuiva lakini bado yana ukali. Yaliyoiva sana hayafai, yanakuwa uji. Nanasi 1 la wastani linafaa pia, na anayepata zambarau atapata rangi inayokaribia ile ya cheri. Katakata vipande vidogo.

2. Tia kwenye sufuria pamoja na sukari vijiko 5 vya chakula na maji nusu kikombe. Chemsha dakika 10. Koroga unga wa muhogo vijiko 2 kwenye maji baridi kidogo, mimina, koroga mpaka uzito uje. Usiutie unga mkavu kwenye maji ya moto, utafanya madonge.

3. Unga wa ngano kikombe 1, sukari vijiko 2 vya chakula, beking pauda kijiko 1 na nusu cha chai, chumvi kidogo. Kwa kuwa siagi ni ghali, tulitumia mafuta ya kula vijiko 3. Maziwa au maji nusu kikombe. Kama ngano haitoshi, changanya nusu ngano na nusu unga wa mahindi. Itakuwa na chengachenga lakini inaliwa vizuri.

4. Matunda yakiwa bado ya moto, angusha unga juu yake kwa kijiko. Acha nafasi ndogo kati ya bonge na bonge ili mvuke utoke.

5. Chukua sufuria kubwa, weka mawe madogo 3 chini, juu yake weka ile sufuria ndogo yenye kobla, funika. Chini yacha makaa machache tu. Mengi yaweke juu ya kifuniko. Kumbukeni: juu mengi, chini machache. Dakika 30 hivi. Choma kwa kijiti, kikitoka kikavu imeiva.

Ili tusipoteze mkaa, bibi alitumia moto uliobaki baada ya maharage kuiva. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, msiwashe moto mpya kwa ajili ya utamu peke yake. Na sukari, sote tunajua tunainunua wenyewe. Hiki ni chakula cha siku moja moja: ubatizo, mtoto amefaulu, mgeni amekuja. Si cha kila wiki.

Angalizo kwa wazazi: mbabula ya mkaa msiiingize ndani ya nyumba iliyofungwa, hata mvua ikinyesha. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Wakati wa kuinua kifuniko chenye makaa watoto wakae mbali, na mbali pia na shitingi.

SASA ILIKUWAJE?

Nisiwadanganye. Ya kwetu iliungua chini, kwa sababu mimi mwalimu, mwenye kuandika "chini machache", niliona moto unazubaa nikaongeza makaa chini. Bibi alinitazama tu, hakusema kitu. Juu ilitoka nzuri, kahawia. Tukakwangua, tukala.

Halafu mtandao ukashika, tukapiga simu. Mjukuu alikuwa na bakuli lake jekundu, bibi na sahani yake ya njano. Bibi akamwambia, "Hii ni embe. Sema: embe." Mtoto akasema "embe". Akauliza, "Iko na mbegu?" Bibi akacheka, akamwambia, "Ilikuwa na mbegu moja kubwa, nimeitoa. Na wewe zako umetoa ngapi?" Mtoto akaanza kuhesabu kwa Kiswahili. Alifika kumi na mbili, akakwama. Bibi akamsaidia kumi na tatu, wakaendelea pamoja mpaka ishirini na kitu, ndipo bando ikaisha.

Bibi akafunga simu ndani ya kitenge chake. Akaniambia, "Mwalimu, Jumapili ijayo nataka aje na hesabu kuanzia thelathini."

Jumapili ile ilifuatwa na nyingine. Safari yake bado imesimama, hilo sina uwezo nalo na wala gazeti hili halina. Lakini sasa wana la kuongea. Wameshapita maembe, wako kwenye sombe: bibi anaeleza namna ya kutwanga, mtoto anamwandikia mama yake maneno kwenye daftari.

Kwa hiyo wasomaji wangu, naomba mfanye kazi moja ya nyumbani. Kila familia ichague chakula kimoja cha zamani cha kwao, kile ambacho bibi au babu ndiye anayekijua vizuri. Mtoto anayesoma darasa la 4 kwenda juu akae naye, aandike: vitu gani, kiasi gani, moto namna gani, na kililiwa siku gani. Bibi akisema "unatia kidogo", mtoto aulize kidogo ni kiganja au kijiko. Wenye ndugu waliohamishwa, watumieni hayo maandishi. Wasio nao, yatunzeni ndani ya nailoni pamoja na karatasi zenu za maana. Sufuria zinaibiwa na nyumba zinavuja, ila namna ya kupika ikiandikwa inafika mbali.

Atakayependa, alete nakala shuleni kwangu kabla ya tarehe 20. Tutachagua moja tuipike pamoja na kuiandika hapa mwezi ujao. Na safari hii makaa atayashika mtu mwingine.

Mungu awalinde, tuonane mwezi ujao.

Ni mimi mwalimu wenu wa Jiko la Familia.