Mwami Musinga na Ukuta Aliouegemea



Mwanafunzi mmoja wa hapa Goma aliniuliza juzi: yawezekanaje watu wachache watawale umati miaka mingi, kisha waanguke kwa siku moja? Nikamwonyesha ng'ambo ya mpaka, Ruanda.

Mwaka 1896, mahali paitwapo Rucunshu, Kanjogera, mjane wa Mwami Rwabugiri, pamoja na kaka yake Kabare, walimpindua Mwami Rutarindwa. Wakamkalisha kitini Musinga, mwana wa Kanjogera, angali mtoto. Tusidanganyike: si Watutsi wote waliotawala. Wengi walichunga ng'ombe wao bila kuuona mlango wa ikulu. Enzi ilikuwa mikononi mwa nyumba chache, na ya kwanza ni ile ya mama huyo, ya Wega.

Kiti kilichotwaliwa kwa damu chataka ukuta wa kuegemea. Ukuta huo ulikuwa Wadachi. Mwaka 1912 mtu aitwaye Ndungutse alijidai mwana wa Rutarindwa, na watu wengi wa kaskazini, upande wa volkano hizi tuzitazamazo kila asubuhi, wakamfuata. Askari wa Kidachi wakamshambulia, wakachoma vijiji. Musinga akapona, bali si kwa nguvu zake.

Mwaka 1916 Wadachi wakafukuzwa, wakaingia Wabelgiji. Hao walimpunguzia Mwami madaraka kidogo kidogo, huku wakiwaongezea wakubwa waliokuwa chini yake. Zamani mlima mmoja uliweza kuwa na watwale watatu: wa ardhi, wa malisho na wa jeshi, yule wa ardhi mara nyingi alikuwa Mhutu. Tangu 1926 vyeo hivyo viliunganishwa, vikapewa mtu mmoja, karibu daima Mtutsi. Ndipo raia alipokosa mkubwa wa pili wa kumkimbilia. Jambo hilo, naona, liliumiza kuliko kuanguka kwa mfalme yeyote.

Musinga alikataa ubatizo, akawachukia watwale vijana waliosoma. Novemba 1931 Gavana Voisin alimwondoa. Askofu Classe naye alikuwa amelishauri jambo hilo, wala haifai sisi Wakatoliki kulificha. Hapana mkuki ulioinuliwa kumtetea. Mwanawe Rudahigwa alisimikwa mara moja, naye mzee akapelekwa Kamembe pamoja na mamaye. Mwaka 1940 alivushwa tena, akaletwa katika nchi yetu, Moba, kando ya ziwa Tanganyika. Akafa huko mwaka 1944.