Waislamu katika Bunge la Uingereza: Kura ni ya Nani?

Mwezi wa Septemba 2025, Bibi Shabana Mahmood, mbunge wa Birmingham Ladywood na mzaliwa wa mji huo huo, aliteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza. Hajapata mwanamke wa Kiislamu kukikalia kiti hicho kabla yake. Habari hiyo iliwafurahisha Waislamu wengi, wa huko na wa kwingineko, na hapa visiwani pia haikukosa wa kuishangilia. Miezi miwili baadaye, waziri huyo huyo alisimama mbele ya Bunge akaeleza mpango wa kubana hifadhi ya wakimbizi: hifadhi iwe ya muda, ipitiwe upya kila baada ya miezi 30, na mkimbizi aliyeingia nchini bila ya kibali angoje miaka 20 kabla ya kupewa ruhusa ya makazi ya kudumu. Shangwe za Septemba zikageuka manung'uniko ya Novemba.

Sisi tunaona kwamba shangwe zile na manung'uniko haya yana asili moja, nayo ni kosa la kumhesabu mbunge kuwa ni mjumbe wa dini yake. Bibi Mahmood hakutumwa Bungeni na misikiti. Ametumwa na wakaazi wa jimbo, Waislamu na wasio Waislamu, kwa tiketi ya chama cha Leba, naye anatekeleza siasa ya serikali ya chama hicho. Siasa hiyo ya wakimbizi hatuipendi, na tungeichukia vivyo hivyo lau ingesomwa na waziri mwenye jina la Smith. Lakini anayetaka kuelewa mambo ya Uingereza hana budi kuuliza jambo jingine: kura ya Mwislamu wa nchi ile ni mali ya nani? Katika miaka thelathini iliyopita wamejitokeza wengi kuidai, na kila aliyedhani ameshaitia mfukoni amejuta.

Kwanza tukumbushe jinsi mlango wa Bunge lile ulivyofunguliwa, maana haukufunguliwa kwa ajili ya Waislamu. Mwaka 1828 Daniel O'Connell, Mkatoliki wa Ireland, alichaguliwa na watu wa Clare, lakini kiapo cha wakati ule kilimtaka aikane imani yake. Sheria ikabadilishwa 1829 kwa kuogopa fujo, wala si kwa huruma. Akaja Lionel de Rothschild, Myahudi, aliyechaguliwa na City ya London mwaka 1847. Kiapo kilimalizikia kwa maneno ya kuthibitisha imani ya Kikristo, naye hakuweza kuyatamka. Wapiga kura wakamrudisha mara kwa mara, na kila mara akabaki nje, hata ulipofika mwaka 1858 ndipo aliporuhusiwa kuapa kwa namna ya dini yake. Mwenziwe David Salomons alithubutu kukaa na kupiga kura Bungeni mwaka 1851 bila ya kuyasema maneno yale, akatozwa faini ya pauni 500. Kisha akafuata Charles Bradlaugh, mkana Mungu, aliyechaguliwa na Northampton mwaka 1880. Huyu alifungiwa hata ndani ya mnara wa saa wa Bunge, akapokonywa kiti, akachaguliwa tena na tena, na hakuketi kwa salama mpaka 1886. Sheria ya kumruhusu mbunge yeyote kutoa ahadi badala ya kiapo ilipitishwa 1888. Miaka miwili baada ya hapo nchi hiyo, iliyohitaji miaka sitini kujifunza kuketi pamoja na Mkatoliki, Myahudi na asiyeamini kitu, ilitandaza himaya yake juu ya Zanzibar bila ya kuwauliza Wazanzibari waliapa kwa kitabu gani.

Kwa hiyo Mohammad Sarwar, mfanyabiashara wa Glasgow mzaliwa wa Pakistan, alipoingia Bunge la Makabwela mwaka 1997 akiwa Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa humo, aliapa kwa Msahafu na hapakuwa na wa kumzuia. Wengine walikuwa wamekwishalipia. Si kwamba mazoea yalibadilika siku hiyo. Sadiq Khan, ambaye baadaye alikuwa Meya wa London, amesimulia mwenyewe kwamba alipotakiwa kuapa kuwa mjumbe wa Baraza la Faragha la Malkia mwaka 2009, alipigiwa simu kutoka ikulu ya Buckingham kuulizwa anataka Biblia ya aina gani. Alipojibu kwamba anataka Msahafu, akaambiwa hawanao. Akaenda na wake, na akauacha huko kwa ajili ya atakayekuja baada yake.

Mwaka 1997 mbunge Mwislamu alikuwa mmoja. Mwaka 2005 wakawa wanne. Katika uchaguzi wa Julai 2024 walihesabiwa 25 kati ya wabunge 650. Sensa ya 2021 iliwakuta Waislamu kuwa asilimia 6.5 ya wakaazi wa England na Wales. Hesabu hiyo bado haijalingana, ila safari ni ya kuonekana.

Basi ni nani waliodai kuimiliki kura? Wa kwanza ni chama cha Leba. Wahamiaji waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya Bradford na viwanda vya chuma vya Birmingham waliingia katika vyama vya wafanyakazi, na kwa njia hiyo wakaingia katika chama hicho. Palipita miaka mingi ambapo wakuu wa chama waliona inatosha kuzungumza na wazee wachache wa ukoo, ambao Wapakistani huuita biradari, na kura za nyumba nzima, za wake na za vijana, zikaja kwa fungu. Mpango huo ulivunjika hadharani Bradford mwezi wa Machi 2012. Leba ilimsimamisha Mwislamu mwenye asili ya Pakistan katika uchaguzi mdogo. Wapiga kura, wakiongozwa na vijana na wanawake waliochoka na amri za wazee, wakampa kiti George Galloway, ambaye ni Mskochi na si Mwislamu, kwa wingi wa kura 10,140. Miaka mitatu baadaye wakamwondoa huyo Galloway kwa wingi mkubwa zaidi na kumweka Bibi Naz Shah, Mwislamu wa chama cha Leba. Anayetaka kuyaeleza matokeo hayo mawili kwa kipimo cha dini peke yake atapata taabu kubwa.

Wa pili waliodai ni baadhi ya viongozi wa dini, na hapa iko kesi ambayo tungependa maofisa wetu waisome kwa utulivu. Mwezi wa Mei 2014 Lutfur Rahman alichaguliwa tena kuwa Meya wa Tower Hamlets, mtaa wa mashariki ya London wenye Wabengali wengi. Siku chache kabla ya kura, gazeti la Kibengali lilichapisha barua iliyotiwa saini na maimamu na wanazuoni 101, wakiwahimiza Waislamu wampigie. Raia wanne wa mtaa ule, na mmoja wao mwenyewe ni Mbengali, wakafungua mashtaka. Mwezi wa Aprili 2015 Mahakama ya Uchaguzi ikaufuta ushindi ule kwa makosa kadhaa ya rushwa na hila, na miongoni mwa makosa hayo ni kuwatia wapiga kura hofu ya kiroho. Bwana Rahman akazuiwa kugombea kwa miaka mitano.

Wako waliolalamika kwamba sheria ile ilitungwa kwa ajili ya Waislamu. La hasha. Ni sheria ya karne ya 19, na waliokusudiwa zamani hizo walikuwa mapadri Wakatoliki wa Ireland. Hata hivyo lalamiko lao lina chembe ya haki: askofu wa Kianglikana anayewanong'oneza waumini wake siasa haburutwi mahakamani, na barua ya maimamu haikuwa na vitisho vya moto wa Jahannamu. Sisi tungependelea barua ile ijibiwe kwa barua nyingine. Lakini kwamba raia wanne wasio na cheo waliweza kumshtaki mshindi, wakasikilizwa kwa wiki kadhaa, na hukumu ikatekelezwa, hilo ni jambo kubwa, na tunaliacha mbele ya wanaohusika. Mwaka 2022, muda wake wa marufuku ulipokwisha, Bwana Rahman aligombea tena, na wakaazi wa Tower Hamlets wakamrudisha. Nayo pia ilikuwa haki yao.

Kisha ikaja Gaza. Mwezi wa Novemba 2023 Bunge lilipigia kura pendekezo la kutaka vita visimamishwe, na uongozi wa Leba ukawaamuru wabunge wake wasiliunge mkono. Wabunge 56 waliasi. Wengine walitii, na bili ikaletwa Julai 2024. Leba ilishinda nchi nzima kwa viti zaidi ya 400, lakini huko Leicester Kusini Jonathan Ashworth, aliyekuwa na wingi wa kura zaidi ya 22,000, aliangushwa kwa kura 979 na Shockat Adam, daktari wa macho mzaliwa wa Malawi, asiyekuwa na chama. Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka kwamba Leicester ndio mji ule ambao baraza lake mwaka 1972 lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi Waasia waliofukuzwa na Amin wasiende huko. Mjini Birmingham, katika jimbo la Perry Barr, Khalid Mahmood, aliyekuwa mbunge Mwislamu wa Leba tangu 2001, alishindwa na Ayoub Khan, Mwislamu mwenziwe asiye na chama. Huko Ilford, Wes Streeting alinusurika kwa kura 528 mbele ya msichana mwenye asili ya Palestina. Na Bibi Shabana Mahmood tuliyeanza naye aliona wingi wake wa zaidi ya kura 28,000 ukiporomoka mpaka 3,421.

Wako Waingereza walioogopa, wakasema kumezuka siasa ya madhehebu. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Wapiga kura waliyapima maneno ya wabunge wao juu ya vita, wakawaadhibu Waislamu na wasio Waislamu kwa kipimo kimoja. Ila wabunge hao wapya wanakabiliwa na mtihani wao, kwani mwakilishi aliyechaguliwa kwa jambo moja bado huulizwa habari za hospitali, kodi ya nyumba na taka za barabarani, na mbunge asiye na chama ana sauti lakini hana serikali.

Mfano wa kushika cheo kwa mambo ya kila siku uko London. Sadiq Khan, mtoto wa dereva wa basi, alichaguliwa mwaka 2016 kwa kura 1,310,143, baada ya wapinzani wake kujaribu kumpaka tope la watu wenye siasa kali. Waislamu wa mji ule ni kama asilimia 15, na kwa hesabu hiyo wengi wa waliomchagua hawakuwa wa dini yake. Akachaguliwa tena 2021 na 2024. Ugomvi wake mkubwa na wakaazi ulihusu nauli, polisi, na ada inayotozwa magari yenye moshi mchafu, aliyoipeleka mpaka pembezoni mwa mji mwaka 2023.

Huko Scotland, Humza Yousaf, ambaye mama yake alizaliwa Kenya, alikuwa Waziri wa Kwanza mwezi wa Machi 2023, cheo ambacho watu wa Unguja na Pemba watakifananisha na kile cha Waziri Kiongozi tulichokuwa nacho hadi 2010. Alikaa mwaka mmoja na mwezi. Alivunja mapatano na chama cha Kijani, akakosa wingi Bungeni, akajiuzulu. Dini yake haikumpandisha wala haikumwangusha.

Jimbo la Ladywood lina wakaazi wa asili nyingi, na miongoni mwao wamo wakimbizi. Uchaguzi mkuu wa Uingereza sharti ufanyike kabla ya kumalizika mwezi wa Agosti 2029, na kura zile 3,421 ndizo zitakazohesabiwa kwanza.